Dawa za shambani kwenye kifungua kinywa: yanayosemwa na yalivyo

Shamba la oti haliivi kwa siku moja. Wiki mbili kabla ya mavuno masuke ya juu yameshakauka, ya chini bado ya kijani, na katikati magugu yanazidi kuchipua. Katika nchi za baridi kama Kanada na Uingereza, mkulima akiona mvua zinakaribia hupiga glaifoseti, dawa ya kuua magugu, ili magugu yafe na shamba zima likauke kwa pamoja. Baada ya siku kumi hivi anavuna. Punje zilizokuwa kwenye suke siku ile ya dawa ndizo zinazopondwa, zikatiwa kwenye pakiti, zikaishia kwenye bakuli la asubuhi.

Nimeanzia shambani makusudi. Mzazi anayeuliza kama uji wa mtoto wake una dawa hajitishi bure, maana mara nyingi mabaki yamo kweli. Kinachoniuma ni majibu anayopewa. Huyu anamwambia atupe pakiti yote, yule anamwambia atulie, hakuna kitu. Wote wawili hawamwambii ni kiasi gani, na bila kujua kiasi hajajibiwa.

Dhana: Imeonekana maabara, basi inadhuru

Agosti 2018 shirika la Environmental Working Group la Marekani lilitoa matokeo ya sampuli 45 za vyakula vya oti vya kawaida. Sampuli 43 zilikuwa na glaifoseti. Iliyoongoza ilikuwa na takriban mikrogramu 1,300 kwa kila kilo.

Tukae kidogo na namba hiyo. Weka gramu 50 za oti kavu kwenye mizani. Ni bakuli moja la mtoto. Kama ni zile oti zilizoongoza, ndani yake kuna mikrogramu 65 za glaifoseti, na mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Sasa mchukue mtoto wa kilo 15. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya, EFSA, imeweka kikomo cha miligramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, hata kama mtu atakula hivyo maisha yake yote. Kwa mtoto huyu hiyo ni mikrogramu 7,500. Angetakiwa kula karibu kilo 6 za oti kavu kila siku ili afike hapo.

Shirika lile lilitumia rula nyingine kabisa: mikrogramu 10 kwa siku. Kwa rula hiyo, bakuli lilelile limepitiliza mara sita na nusu. Rula hiyo ilitoka wapi? Jimbo la California lilikuwa limeweka mikrogramu 1,100 kwa siku kwa mtu mzima, kwa hesabu kwamba kati ya watu 100,000 wanaomeza kiasi hicho maisha yao yote, asizidi mmoja atakayepata saratani kwa sababu hiyo. Shirika likataka asizidi mmoja katika milioni, likagawa kwa 10. Likagawa tena kwa 10 kwa ajili ya watoto. Ndivyo 1,100 ilivyoshuka hadi karibu 10.

Kwa hiyo oti ni zilezile na kipimo cha maabara ni kilekile. Kilichotofautiana ni tahadhari ambayo kila upande umeamua kujiwekea. Hata kile kikomo cha EFSA hakikuwekwa ovyo: wanyama hulishwa dawa, hutafutwa kiwango cha juu kabisa ambacho hakikuleta madhara, kisha kiwango hicho hugawanywa kwa 100. Kumi ya kwanza ni kwa sababu binadamu si mnyama wa maabara, kumi ya pili ni kwa sababu mtoto na mgonjwa si sawa na mtu mzima mwenye afya.

Msimamo wangu niuseme wazi. Bakuli hilo halinitishi. Lakini kukausha shamba kwa dawa siku chache kabla ya kuvuna ni jambo linaloweza kuepukika, na sioni kwa nini mlaji abebeshwe hata hizo mikrogramu 65 kwa ajili ya urahisi wa ratiba ya mavuno. Umoja wa Ulaya ulipoipa glaifoseti kibali kingine cha miaka 10 mwaka 2023, ulikataza kuitumia kwa kazi hiyo ya kukausha. Hilo naliunga mkono kwa mikono miwili.

Dhana: Shirika la Afya Duniani limeshasema inaleta saratani

Machi 2015 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya shirika hilo, iliiweka glaifoseti kwenye kundi la 2A: huenda ikasababisha saratani kwa binadamu. Hilo ni kweli. Kundi hilohilo lina nyama nyekundu, vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 na kazi za zamu ya usiku.

IARC hujibu swali moja tu: je, kitu hiki kinaweza kusababisha saratani? Haisemi kwa kiasi gani wala kwa nani. Swali la pili, yaani kama kiasi kilichomo kwenye chakula kinaweza kumfikisha mlaji huko, lilijibiwa na jopo jingine la wataalamu wa Shirika la Afya Duniani (WHO) na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwezi Mei 2016. Jopo hilo likasema glaifoseti iliyomo kwenye mlo haielekei kuleta hatari ya saratani. Watu wengi walidhani taasisi mbili zimegombana, kumbe zilikuwa zimeulizwa maswali mawili tofauti.

Na kuna jambo ambalo limekaa juu ya meza hiyohiyo ya asubuhi. Soseji na nyama nyingine zilizosindikwa ziko kundi la 1 la IARC, la vitu ambavyo ushahidi wake kwa binadamu umetosheleza. Kula gramu 50 za nyama hizo kila siku kulihusishwa na ongezeko la takriban asilimia 18 la hatari ya saratani ya utumbo mpana. Anayesukuma pembeni bakuli la oti na kuvuta sahani ya soseji hajapunguza chochote.

Dhana: Chini ya kiwango cha sheria ni salama, juu yake ni sumu

Nusu zote mbili za dhana hii zina kasoro. Kiwango cha juu cha mabaki kinachoandikwa kwenye sheria huwekwa kwa kuangalia mabaki yanayobaki mkulima anapotumia dawa kama alivyoelekezwa, halafu ndipo hukaguliwa kama mlo wa watu utabaki ndani ya kikomo cha kiafya. Kazi yake kubwa ni kumnasa mkulima aliyekiuka maelekezo. Ndiyo maana oti zinaruhusiwa miligramu 30 za glaifoseti kwa kilo nchini Marekani na 20 katika Umoja wa Ulaya, ingawa miili ya walaji ni ileile.

Na kuwa ndani ya sheria hakumalizi mjadala milele. Dawa ya kuua wadudu iitwayo kloripirifosi ilitumika kwenye matunda na nafaka kwa miongo mingi ikiwa na vibali vyote, hadi wasiwasi juu ya ukuaji wa ubongo wa watoto ulipofanya Umoja wa Ulaya kuifungia mlango Januari 2020. Anayesema “kama imeruhusiwa nyamaza” aisome historia hiyo kwanza.

Dhana: Imeonekana kwenye mkojo, maana yake inajilimbikiza mwilini

Dhana hii ilivuma Februari 2024, baada ya utafiti wa Marekani kuripoti klomekwati, dawa ya kufupisha mabua ya nafaka yasilale, kwenye mkojo wa watu 4 kati ya kila 5 waliopimwa. Dawa inayoonekana kwenye mkojo ni ile ambayo figo zinaitoa. DDT, dawa ya zamani ya kuua wadudu, ndiyo iliyokuwa ikijificha kwenye mafuta ya mwili na kukaa miaka. Klomekwati na glaifoseti huyeyuka kwenye maji na sehemu kubwa huondoka ndani ya siku chache. Kuonekana kila ukipimwa kunaonyesha kwamba unazila mara kwa mara, na hapo kuna haki ya kuuliza kiasi. Ghala la mwilini ni habari nyingine.

Dhana: Kilimo hai hakina dawa

Kinazo, ila ni chache na za aina nyingine: shaba kwa ukungu, spinosadi kwa wadudu. Upepo nao huhamisha dawa kutoka shamba la jirani. Katika vipimo vile vya 2018, karibu theluthi ya sampuli 16 za oti za kilimo hai zilikuwa na glaifoseti, ingawa kwa kiasi kidogo sana. Kama uwezo unaruhusu kununua vya kilimo hai, mabaki yatapungua kweli. Asiye na uwezo huo asijione anamlisha mwanawe sumu.

Dhana: Ukiosha na kuchemsha, kila kitu kinatoka

Inategemea dawa ilipo. Tufaha likilowekwa dakika 12 hadi 15 kwenye maji yenye baikaboneti ya soda, ile ya kuumulia keki, hutoa karibu mabaki yote yaliyo juu ya ganda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walilionyesha hilo mwaka 2017. Ila dawa iliyokwishapenya ndani ya ganda haikutoka. Sabuni usitumie, ganda linainyonya. Kwenye chai, dawa zinazopenda mafuta hubaki kwenye majani, zile zinazoyeyuka kwenye maji hushuka kikombeni pamoja na rangi.

Maziwa ndiyo yanayodanganya wengi. Ng'ombe akitibiwa kwa antibiotiki, maziwa yake yanapaswa kumwagwa kwa siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa. Wafugaji wengine hawavumilii hasara hiyo, na antibiotiki nyingi hazimalizwi na moto wa kuchemshia maziwa. Ulinzi wake uko kabla ya jiko. Katika kiwanda chenye utaratibu, lori la maziwa likifika halishushi. Mpimaji huchota maziwa kidogo, huyapasha kwenye kifaa, hutumbukiza kikaratasi na kusubiri dakika chache. Mistari miwili hujitokeza, mmoja wa kulinganishia na mmoja wa kipimo. Mstari wa kipimo ukififia au usipoonekana, dawa imo, na lori zima hukataliwa kwa sababu ya ng'ombe wachache. Nikinunua maziwa, kikaratasi hicho nakiamini kuliko maneno “halisi na asilia” yaliyochapwa kwenye pakiti.

Dhana: Kemikali mbaya ni zile zilizotengenezwa na mtu

Mwaka 1960 zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Chanzo kilikuwa mashudu ya karanga yaliyoota ukungu, na sumu iliyopatikana humo ni aflatoksini. Hakuna kiwanda kilichoitengeneza. Inatoka kwa kuvu wanaoota kwenye karanga na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. IARC imeiweka kundi la 1, kwa sababu ya saratani ya ini. Ng'ombe akila chakula chenye sumu hiyo, ndani ya siku moja aina yake nyingine, M1, inatokea kwenye maziwa, na kuchemsha hakuiondoi. Viwango vya kimataifa vya chakula, vya Codex, vinaruhusu mikrogramu 0.5 tu za M1 kwa kilo ya maziwa. Ulaya inaruhusu 0.05. Vilinganishe na zile 1,300 za glaifoseti kwenye kilo ya oti, ambazo bado ziko mbali chini ya sheria, utaona wataalamu wanaogopa nini zaidi. Siagi ya karanga inayotoka kwenye karanga zisizochambuliwa inastahili maswali mengi kuliko inayoulizwa.

Mkate nao una habari yake. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden waligundua kuwa vyakula vya wanga vikipata moto wa zaidi ya nyuzi 120 hutengeneza akrilamaidi, nayo iko kundi la 2A kama glaifoseti. Kadiri tosti inavyozidi kuwa nyeusi ndivyo inavyoongezeka. Hii unaizuia mwenyewe: itoe ikiwa ya dhahabu.

Dhana: Aliye hatarini zaidi ni mlaji

Hii imewasahaulisha watu mtu muhimu kuliko wote. Ile kesi dhidi ya Monsanto, kampuni inayotengeneza dawa ya glaifoseti, iliyotikisa dunia Agosti 2018, ambapo baraza la wazee wa mahakama huko San Francisco liliamuru fidia ya dola milioni 289 (baadaye ikapunguzwa sana), haikufunguliwa na mtu aliyekula oti. Ilifunguliwa na mtunza viwanja vya shule aliyekuwa akipulizia dawa hiyo kazini, kisha akaugua saratani. Ubishi wa wanasayansi nao unawahusu wapuliziaji: uchunguzi mkubwa wa wapuliziaji zaidi ya 54,000 wa Iowa na North Carolina, uliochapishwa 2018, haukuona uhusiano wa glaifoseti na saratani ya tezi za limfu, ilhali uchambuzi wa mwaka 2019 uliojumlisha tafiti kadhaa uliona ongezeko la takriban asilimia 41 kwa waliokutana nayo kwa wingi zaidi.

Mwangalie mpuliziaji anapochanganya dawa. Kifuniko kimefunguliwa, mikono haina glovu, bomba la mgongoni linavuja kiunoni na shati limeloa. Dawa ya kawaida ya dukani ina gramu 360 za glaifoseti kwa lita, hivyo mililita moja tu ikimwagikia kiganjani amebeba mikrogramu 360,000. Ngozi hupitisha sehemu ndogo sana. Chukua asilimia moja: ni mikrogramu 3,600, sawa na mabakuli 55 ya zile oti zilizoongoza, kwa mililita moja ya asubuhi moja, kabla hajaanza hata mstari wa kwanza wa shamba.