Kati ya Zuhura na Mirihi, tukajenge makazi ya watu wapi?

Zuhura hupigwa chini mapema mno. Mtu akishasikia kwamba ardhini kwake joto ni kama nyuzi 465 za sentigredi, na mgandamizo wa hewa ni mara 90 na ushee ya wetu, haoni haja ya kuendelea na hesabu. Venera 13, chombo cha Wasovieti kilichotua huko mwaka 1982, kilihimili dakika 127 tu, na hizo zilihesabiwa kuwa nyingi. Basi, wote mbio Mirihi.

Kazi yangu ni fizikia ya angahewa za sayari, kwa hiyo niruhusuni niitetee Zuhura kidogo. Panda kutoka ardhini hadi kilomita 55 hivi: joto limeshuka mpaka karibu nyuzi 27, na mgandamizo ni kama nusu ya ule wa usawa wa bahari hapa duniani. Uzito wako ni asilimia 90 ya ulio nao sasa, jambo jema kwa mifupa. Tena angahewa ya huko karibu yote ni hewa ukaa, ambayo ni nzito kuliko hewa tunayovuta. Puto ukilijaza hewa hii ya kawaida linaelea, na watu wanaweza kuishi humo humo ndani. Likitoboka halilipuki, maana mgandamizo wa ndani na wa nje unalingana. Hewa inavuja taratibu, na fundi anawahi kuziba. Na maputo yamekwisha kuruka huko. Juni 1985 Wasovieti waliachia mawili, kutoka vyombo vyao vya Vega, yakapeperuka mawinguni kwa karibu siku mbili hadi betri zikaisha. Mawingu ni ya asidi ya salfa, ndiyo, lakini plastiki za kuihimili tunazo.

Tatizo langu ni kutoka. Kuiaga Zuhura kunataka kasi ya kilomita 10.4 kwa sekunde, pungufu kidogo tu ya 11.2 za Dunia. Yaani roketi yenye nguvu karibu sawa na zinazorukia hapa, ila hii uining'inize kwenye puto. Chuma na mawe viko chini kwenye tanuri, hakuna wa kuvifuata, kwa hiyo kila parafujo itoke nyumbani.

Mirihi hapana starehe hata moja. Mgandamizo haufiki asilimia moja ya wetu, ukuta ukipasuka ni kifo. Siku nne za mionzi ya huko ni zaidi ya mwaka mzima wa mionzi ya asili ya hapa. Udongo una chumvi za pakloreti, sumu kwa tezi ya shingo. Lakini chombo kile kile kilichozigundua, Phoenix, mwaka 2008 kilikwangua mtaro mdogo, na humo vikaonekana vibonge vyeupe. Baada ya siku nne vilikuwa vimetoweka. Chumvi haitoweki hivyo. Ilikuwa barafu, ikageuka mvuke moja kwa moja.

Hapo ndipo mizani inapolala. Maji hayo na hewa ukaa ya Mirihi vinatosha kutengenezea methani na oksijeni, yaani mafuta ya roketi ya kurudia, na kasi ya kuondoka huko ni kilomita 5 tu kwa sekunde. Mtambo wa MOXIE, uliopanda kwenye Perseverance, gari la utafiti lililoko Mirihi, ulitoa gramu 122 za oksijeni kutoka hewa ya Mirihi kati ya 2021 na 2023. Ni kidogo, mtu mmoja anamaliza zaidi ya gramu 800 kwa siku, lakini kilichobaki ni kuukuza mtambo.

Ila tusijenge alipotua Phoenix. Kule ni karibu na ncha ya kaskazini, na baridi ya msimu uliofuata ilikimaliza chombo chenyewe. Mimi ningechagua Arcadia Planitia: ni tambarare, barafu haiko mbali chini ya udongo, jua bado lapatikana, na kwa kuwa ni bondeni, chombo kinachotua kinapata hewa zaidi ya kupunguzia mwendo.