Upatanisho wa kiima na kitenzi katika Kiingereza

Upatanisho wa kiima na kitenzi ni sharti la kisarufi linalotaka kitenzi kibadilike umbo kulingana na nafsi na idadi ya kiima chake. Mzungumzaji wa Kiswahili hulitimiza tangu utotoni anaposema "mkulima anauza zabibu" na "wakulima wanauza zabibu", na mtoto wa Dodoma aliyelelewa kwa Kigogo naye huweka alama ya kiima mwanzoni mwa kitenzi. Kiingereza huiweka alama hiyo mwishoni, tena katika wakati uliopo wa kawaida kwa karibu vitenzi vyote huiweka kwa nafsi moja tu, nafsi ya tatu umoja. Kwa hiyo mkulima mmoja wa Hombolo "sells grapes", ilhali mimi, wewe, sisi na wakulima wote wa Hombolo "sell grapes".

Zamani Kiingereza kilikuwa na viambishi tamati vingi zaidi vya nafsi, vikapotea kadiri karne zilivyopita. Iliyobaki ni s, na kitu kilichobaki peke yake ni rahisi kusahaulika.

Hata hivyo, sababu kubwa zaidi ya wanafunzi wetu kuisahau s hiyo, kwa maoni yangu, imo ndani ya Kiswahili chenyewe. Wakati uliopo wa kawaida wa Kiingereza hueleza mazoea, nasi mazoea huyaeleza kwa hu-: mkulima huuza, wakulima huuza. Kiambishi hu- hakionyeshi nafsi wala idadi. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na sasa anafundishwa karibu masomo yote kwa Kiingereza, anapoanzia kwenye "huuza" hapati dokezo lolote la kumkumbusha s, akaandika "the farmer sell". Huo si uvivu, na asiadhibiwe kana kwamba ni uvivu.

Katika ukanushi na maswali, s huhamia kwenye kitenzi kisaidizi: "she does not sell", wala si "she does not sells".

Zoezi linalofaa halihitaji kitabu. Mwanafunzi achukue sentensi moja, kwa mfano "I fetch water every morning", abadilishe kiima tu, aweke mama, kaka zangu, yeye, sisi, akiisoma kila mara kwa sauti ili sikio lizoee "fetches" pale panapostahili. Kisha airudie yote kwa ukanushi, na mwisho kwa swali.