Windows XP: programu zinazojiwasha zenyewe, na ile koma ya Userinit

XP ikichelewa kutulia baada ya kuingia, mimi huanza na msconfig, zana ya Windows ya kudhibiti vinavyojiwasha: Start, Run, andika msconfig, kisha kichupo cha Startup. Usiondoe tiki zote kwa mkupuo. Ondoa nusu, washa upya, utazame. Tatizo likitoweka, mkosaji yumo kwenye nusu uliyoizima. Likibaki, yumo kwenye nusu nyingine. Endelea kugawa nusu yenye mkosaji: orodha ya programu 16 inakwisha kwa raundi 4.

Ila kuondoa tiki si kufuta. Kilichoandikwa kwenye rejista (hifadhidata ya mipangilio ya Windows) huhamishiwa HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Shared Tools\MSConfig\startupreg (HKLM ni kifupi cha HKEY_LOCAL_MACHINE), na njia za mkato za folda ya Startup hupelekwa C:\WINDOWS\pss. Ukirudi Normal Startup, vyote vinafufuka. Ndiyo maana naichukulia msconfig kama kipimo, wala si dawa. Mkosaji akishajulikana, zima kujiwasha ndani ya mipangilio ya programu yenyewe, au iondoe kabisa kupitia Add or Remove Programs. Usipofanya hivyo, itajiandika tena, nawe utakuta mistari miwili ya jina moja: mmoja una tiki, mwingine hauna.

Folda ya system32 ikijifungua kila unapoingia, usikimbilie kusingizia virusi. Mara nyingi kuna thamani tupu, au njia ya faili iliyokatika, ndani ya HKLM\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Run au ya mwenzake wa HKCU (HKEY_CURRENT_USER, sehemu ya mtumiaji aliyeingia). Fungua regedit (kihariri cha rejista), hifadhi nakala ya ufunguo huo kwa File, Export, kisha futa thamani hiyo peke yake.

Kigumu zaidi ni kile ambacho orodha ya Startup haikionyeshi: HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\Winlogon. Humo Shell inatakiwa iwe Explorer.exe, na Userinit, inayotaja programu ya kumwandalia mtumiaji mazingira yake anapoingia, isomeke hivi, koma ikiwemo:

C:\WINDOWS\system32\userinit.exe,

Koma hiyo ni kitenganishi. Kuna virusi vinavyojipachika baada yake, na kuna vinavyoifuta njia yote na kuweka yao. Antivirasi ikifuta faili la hivi vya pili bila kurekebisha thamani, ukiingia tu XP inakutoa papo hapo. Hali salama (Safe Mode) haisaidii, kwa sababu nayo hupitia Userinit hiyo hiyo.

Hapo chomoa diski, iunganishe kwenye kompyuta nyingine yenye Windows. Fungua regedit, chagua HKEY_LOCAL_MACHINE, File, Load Hive, kisha faili la WINDOWS\system32\config\software lililo kwenye diski hiyo (lile lisilo na kiendelezi). Lipe jina lolote, mfano XPMBOVU. Ingia Microsoft, Windows NT, CurrentVersion, Winlogon, urekebishe Userinit. Hata kama diski sasa inasomeka E:, andika C:, kwa kuwa ndivyo XP itakavyoiona ikirudi kwake. Hakikisha pia userinit.exe yenyewe ipo ndani ya system32. Kama haipo, inakili kutoka XP nzima yenye Service Pack ileile. Mwisho rudi kwenye XPMBOVU, File, Unload Hive, ndipo uchomoe diski.