Kuchora mbele ya kabati la makumbusho si uigaji mtupu

Wapo wanaoamini kwamba msanii wa kweli huchora kutoka kichwani tu, na kwamba anayeketi na daftari mbele ya kinyago katika Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam, ni mwigaji asiye na kipaji. Dhana hiyo inachanganya mazoezi na kazi iliyokamilika. Wizi ni kutia jina lako kwenye kazi ya mwingine. Mchoro wa haraka wa penseli haukusudiwi kuuzwa, bali hulilazimisha jicho kuona kile ambacho akili, kwa mazoea, hukiruka.

Chukua fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililogunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959. Anayelitazama kwa dakika moja huondoka akikumbuka kwamba ameona fuvu la kale. Anayelichora hana budi kuuona ukingo wa mfupa uliosimama utosini, ambapo misuli mikubwa ya taya ilijishikiza, pamoja na magego mapana kuliko yetu, na hivyo huanza kuelewa namna kiumbe yule alivyotafuna. Hata Paul Cézanne, akiwa tayari mchoraji mzoefu, aliendelea kwenda makumbusho ya Louvre, Paris, kunakili sanamu.

Siku nyingine daftari liende kituo cha daladala au soko la samaki la Feri, ambako hakuna anayetulia, nami nakiri kwamba kurasa zangu nyingi za huko ni migongo ya watu. Sanamu husubiri mpaka uwiano na kivuli vipimwe. Mchuuzi huacha nafasi ya mistari mitano tu.