Barua ya kazi si viza

"Barua ya kazi ninayo, viza imebaki nini?" kijana mmoja aliniuliza barazani Lamu, akinionyesha simu: muhuri mwekundu, hoteli ya London, na chini kabisa ada ya "udhamini" ya kutuma kwa M-Pesa. Hapo ndipo pa kushtukia. Uingereza, mwajiri lazima kwanza awe na leseni ya kudhamini, na orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye tovuti ya serikali. Tafuta jina. Udhamini wenyewe si karatasi ya muhuri, ni namba ya kielektroniki, na gharama yake hulipwa na mwajiri. Ukishaipata, viza unaiomba mwenyewe, na unaweza kunyimwa. Marekani ndiko kugumu zaidi: H-1B, viza ya kazi za kitaalamu, ina kikomo cha 65,000 kwa mwaka, na 20,000 za ziada kwa waliosomea uzamili hukohuko. Maombi yakizidi, huchaguliwa kwa bahati nasibu.