700x25C maana yake nini, na kwanini tairi ndo pa kuanzia ukitaka kuboresha baiskeli ya resi

Vijana wengi hapa Tanga siku hizi wananunua baiskeli za resi za mtumba, zile za kuanzia, fremu ya alumini, gia 14 au 16, usukani umepinda kama pembe za kondoo. Anaipanda wiki mbili afu anakuja kuuliza, kaka mikono inakufa ganzi, makalio yanauma, nibadilishe nini iwe laini na iende kasi? Wengi wanakuja na jibu mkononi kabisa, wanataka gia mpya au rimu nyepesi. Mi huwa nainama kwanza nasoma namba ubavuni mwa tairi, mana mara nyingi shida iko palepale.

Namba yenyewe inaandikwa 700x25C, au 700x23C kama baiskeli ni ya zamani kidogo. Hiyo 700 ni kipimo cha kizamani cha Wafaransa, yani tairi za enzi hizo zikishajaa upepo ukipima kutoka juu mpaka chini ilikuwa kama milimita 700. Hiyo 25 ndo unene wa tairi, milimita 25, sentimita mbili na nusu tu. Sasa ile C ndo inachanganya watu. Wafaransa walikuwa na 700A, 700B, 700C, herufi zilitenganisha saizi za rimu, kadri tairi ilivyokuwa nene ndo rimu ilivyokuwa ndogo ili kwa nje mduara ubaki uleule. Siku hizi huo mpango umekufa, tairi ya C inaweza ikawa nene au nyembamba, ila herufi imebaki na inakwambia kitu kimoja tu, kwamba rimu yako pale tairi inapokaa ina kipenyo cha milimita 622.

Hiyo 622 ishike sana. Ukitazama vizuri utaiona imeandikwa ubavuni kwa maandishi madogo, 25-622, hiyo ndo namba ya kimataifa isiyodanganya. Mi ilinigharimu hela kuijua. Nilienda dukani nikaambiwa tairi ya resi ni 28, yani inchi, nikapewa tairi ya 28 x 1½, muuzaji ananihakikishia 28 ni 28 mjomba. Nikaipeleka kwa fundi wangu Ngamiani, mzee ana kibanda chini ya mwarobaini, akaivalisha kwa vidole tu bila hata spana ya kutolea tairi, ikaingia kama ndala ya mtu mzima kwenye mguu wa mtoto. Akanambia, "Mwanangu, hii ya Phoenix hii." Na kweli, 28 x 1½ ndo tairi za zile baiskeli nyeusi za wazee wetu, kipimo chake ni 635, ndo ileile 700B ya Wafaransa. Tofauti na yangu milimita 13 tu lakini ukijaza upepo inachomoka kwenye rimu na tyubu inapasuka. Ya baiskeli za milima za inchi 26 nayo ni 559, haiingii kabisa. Kwahiyo ukienda dukani usiseme nataka 28, sema nataka 622, na uisome mwenyewe kabla hujatoa hela.

Haya, tukishajua namba tuje kwenye faida. Chukua mtu wa kilo 70 na baiskeli ya kilo 10. Gurudumu la nyuma ndo linabeba uzito mkubwa, tuseme kilo 45. Ukiijaza tairi psi 90 (psi ni kipimo cha presha ya upepo), sehemu ya mpira inayogusa lami ni kama sentimita 7 za mraba, haifiki hata nusu ya kiberiti. Kila shimo, kila kokoto, kila tuta, linapita kwenye hako kaeneo kabla halijafika mgongoni kwako. Na kilichopo kati yako na lami sio siti wala fremu, ni upepo. Toka Dunlop atengeneze tairi yake ya upepo kule Belfast mwaka 1888 kazi ya tairi ni hiyohiyo, imeze mtikisiko ili wewe usiumeze.

Sasa ukitoka unene wa 25 kwenda 28 unaona ni milimita tatu tu, lakini upepo unaokaa ndani unaongezeka robo nzima. Upepo ukiwa mwingi huhitaji kuubana sana ili ubebe uzito uleule, kwahiyo unashusha presha, tairi inabonyea kidogo juu ya kokoto badala ya kuruka. Ile ganzi ya viganja ukitoka mjini mpaka Pongwe na kurudi inapungua sana, hiyo nimeihisi mwenyewe.

Watu wanabisha hapa, wanasema tairi nyembamba ngumu kama jiwe ndo inakimbia. Hata mabingwa waliamini hivyo miaka mingi, wakawa wanapanda 23, leo wako kwenye 28 na zaidi. Sababu ni kwamba tairi inapozunguka inabonyea na kurudi, na mpira ukibonyea unakula nguvu, inageuka joto. Kwa presha ileile, alama ya tairi nyembamba chini inakuwa ndefu na nyembamba, ya tairi pana inakuwa fupi na pana, na hiyo fupi inasumbua mpira kidogo zaidi. Afu kuna la pili ambalo kwa barabara zetu ndo kubwa kabisa: tairi ngumu kwenye lami yenye makokoto inarusha baiskeli na mwili wako juu chini, juu chini, na nguvu ya kukurusha juu haitoki mbinguni, inatoka kwenye mapaja yako. Wewe unahisi mitetemo mingi unadhani ni kasi, kumbe unavuja nguvu njia nzima. Lami ikiwa laini kama kioo, sawa, jaza. Lakini kwenye barabara zetu nyingi sijui hicho kioo utakiona wapi.

Presha zenyewe basi, kwa mtu wa kilo 70 hivi: tairi ya 25 weka kama 85 mpaka 90 nyuma, ya 28 kama 70 mpaka 75, ya 32 kama 55 mpaka 60, na mbele punguza psi tano hivi mana uzito ni mdogo. Ukiwa mzito ongeza, ukiwa mwepesi punguza. Kikomo kimeandikwa ubavuni mwa tairi ila kile ni kikomo, sio agizo, nimeona watu wanajaza mpaka kule juu kabisa afu wanalalamika baiskeli inawatwanga. Na usishushe ovyo nako, presha ikiwa chini sana ukiingia shimo rimu inaibana tyubu chini na inaitoboa matundu mawili sambamba kama alama ya meno ya nyoka, ukiona pancha ya namna hiyo jua hukukanyaga msumari, upepo ulikuwa mdogo.

Tatizo letu ni kupima. Mafundi wetu wanapima kwa dole gumba na kwa Phoenix inatosha kabisa, lakini kwa tairi ya resi dole halitofautishi 70 na 100, yote linasikia ngumu. Tafuta pampu ya kusimama yenye geji. Na valvu za resi nyingi ni zile nyembamba ndefu, zina kinati kidogo juu kabisa: unakilegeza kwa vidole, unakibonyeza mara moja kitoe upepo kidogo, ndo unachomeka pampu, ukimaliza unakikaza tena. Watu wengi wanajaza bila kukilegeza, upepo hauingii, wanasema tyubu mbovu.

Kabla hujanunua 28 hakikisha itapita. Baiskeli za kuanzia nyingi zina breki za kubana rimu na nafasi chini ya breki ni ndogo. Fundi wangu anatumia spoki, spoki ya kawaida unene wake ni milimita 2, anachukua mbili anazilaza pamoja anazipitisha kati ya tairi na fremu, kati ya tairi na uma (ile inayoshika gurudumu la mbele), na chini ya breki. Lakini hiyo ni nafasi ya tairi uliyonayo sasa, ile mpya itakula milimita tatu juu na moja na nusu kila upande, kwahiyo juu utake spoki tatu au nne, ubavuni tatu zinatosha. Tope la masika likijaa pale bila nafasi linasugua fremu mpaka rangi inaisha.

Baada ya tairi ndo uje kwenye siti, na hapo wala usinunue kitu kwanza. Kaa, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukija kukanyaga kwa mbele ya mguu goti litabaki limekunja kidogo tu, hapo ndo penyewe. Siti nyingi nazoziona mtaani ziko chini mno, magoti yanateseka bure. Breki nazo, badilisha zile raba kama zimekauka, ni hela ndogo na inasaidia sana mvua ikinyesha.

Rimu nyepesi na fremu ya kaboni acha kwanza. Ukipunguza kilo moja kwenye jumla ya kilo 80 ni kama asilimia moja na robo tu, na hiyo utaisikia ukipanda Usambara kwenda Lushoto. Hapa mjini tambarare, kuanzia Raskazone mpaka Makorora, anayekurudisha nyuma ni upepo wa kusi usoni sio kilo moja, kwahiyo shusha mikono kwenye zile pembe za chini, kunja viwiko, jifanye mdogo. Hiyo ni bure.

Na cheni, kwa chumvi hii ya bahari, ifute kwa kitambaa na uipake oili kidogo kila wiki. Tone moja kwa kila pingili, subiri, afu futa ya nje yote, mana ile ya nje ndo inakamata mchanga.