Taa ya oili ikiwaka, kuongeza oili pekee si dawa

Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye makundi ya WhatsApp ya madereva wa Nakuru na Kisumu: taa nyekundu ya oili ikiwaka, ongeza oili, tena iliyo nzito, kisha endelea na safari. Si kweli, na tafadhali usiusambaze. Unaweza kuua injini nzima.

Taa ile haionyeshi wingi wa oili. Inaonya kuwa presha imeshuka, yaani ile nguvu inayoisukuma oili hadi kwenye beringi, vyuma vinavyoshikilia sehemu zinazozunguka ndani ya injini. Oili yaweza kuwa tele na presha ikawa chini: pampu imechakaa, kichungi cha kufyonzea kimeziba, beringi zimelika, au petroli imeingia kwenye oili ikawa nyepesi. Wakati mwingine kasoro ni ya sensa, yaani kifaa kinachohisi presha na kuwasha taa, au waya tu.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu oili ikipungua mno, presha nayo hushuka. Ukiongeza, taa huzimika. Aliyepona hivyo mara moja huwaambia wengine. Oili nzito nayo hupandisha presha kidogo, lakini ugonjwa unabaki ndani.

Ukipanda mlima kama wa Timboroa taa ikawaka, egesha mahali salama na uzime injini. Subiri dakika kadhaa, chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Kiwango kikiwa sawa, usiwashe tena, ita fundi. Atoe sensa, afunge geji ya presha mahali pake, apime injini ikiwa moto, kisha alinganishe na kitabu cha gari hilo.